Miguu ya Mwamvua

Katika ukoo wa mzee Bwanaheri, msichana akichelewa kurudi kisimani anaambiwa ana miguu ya Mwamvua. Akitaka kwenda kusoma Dar, miguu ya Mwamvua. Akimwambia mumewe leo sipiki, pika wewe, miguu ya Mwamvua, na hapo huongezwa na msonyo. Mwanamina amekua nalo neno hilo mpaka utotoni alidhani ni ugonjwa, kama matende, akawa anajipapasa vifundo kuona kama umeshaanza.

Hakuna aliyewahi kumwambia Mwamvua ni nani. Na yeye hakuuliza. Tusi likishazoeleka linakuwa kama kuku wa jirani, linaingia kila ua na hakuna anayeuliza limetoka wapi.

Mpaka alipozaa mtoto asiyenyamaza.

Jina la mtoto kwenye kadi ya kliniki ni Faraja, na kama kuna jina lililowahi kumkosea mtu, ni hilo. Asubuhi analia, mchana analia, akibebwa analia zaidi. Haruna, baba mtoto, dereva wa bodaboda pale stendi ya Kibiti, alifika mahali akawa anatafuta abiria wa mbali kwa makusudi. Ndipo wakubwa wakasema: huyu analilia jina. Maana kwao mtoto akilia kupita kiasi, kuna mhenga anataka kuitwa. Unampakata, unamtajia waliotangulia, mmoja mmoja. Likifika lake ananyamaza na kushika ziwa.

Wakapanda kijijini kwa Babu Hemedy, upande wa Mtunda. Kazi ya kutaja ni ya Bibi Mwanajuma, dada yake babu kwa baba, mama mbalimbali. Huyo ndiye kabati la ukoo. Hitima ya kila Shaabani yeye ndiye anayemtajia mwalimu majina ya marehemu, kutoka kichwani, hakwami hata kwa kikohozi.

"Kama wewe ni Habiba, nyamaza unyonye," Bibi Mwanajuma akamwambia mtoto.

Mtoto akalia.

"Kama wewe ni Mwamini, nyamaza unyonye."

Akalia kwa hasira, kama mtu aliyeitwa jina la adui yake.

Mwanamina alikuwa amenyanyua simu anarekodi. Ndivyo alivyo. Harusi anarekodi, msiba anarekodi, ugomvi wa kisimani ndiyo usiseme.

"Weye, weka hilo dude chini," bibi akasema. "Mhenga gani atakuja anamulikwa?"

"Siyo tochi, bibi. Ni kamera."

"Ndiyo hiyohiyo inayomliza."

Majina yakaisha. Wakarudia ya mwanzo kwa sauti nyingine, labda mtoto hakusikia vizuri. Bado analia. Mwanamina, usingizi umemjaa kichwani kama usubi, akasema tu, "Bibi, mbona Mwamvua hujamtaja?"

Babu Hemedy alikuwa barazani anachonga mpini wa jembe. Panga likasimama.

"Jina hilo halipewi mtoto," Bibi Mwanajuma akasema.

"Kwani ni nani?"

"Mwamvua binti Abdulkarimu. Ni mama yangu," babu akajibu, bila kugeuka.

Mwanamina akashusha simu. Miaka yote hiyo anatukanwa kwa mama wa babu yake mwenyewe, na babu amekaa hapohapo anasikia, mara nyingine anacheka.

Babu akaeleza, na alieleza kama mtu anayesoma hukumu. Ule mwaka wa kuhamishwa kutoka bondeni, watu walipakiwa kwenye malori waletwe huku juu, mafuriko yasiwamalize. Baba yake, Bwanaheri, akampakia mwanawe. Mama mtu akakataa kupanda. Alikuwa na mwanamume wake huko delta, mkata boriti za mikoko. Akamchagua mwanamume, akaacha mtoto.

"Nani alikwambia?"

"Baba."

"Na yeye mwenyewe hukumuuliza?"

"Alikuja mara moja. Akasimama pale penye mkorosho, anaita Hemedy, Hemedy. Nikaokota madongo nikamrushia mpaka akaenda zake. Na sijuti, mjukuu wangu. Baba ndiye alikuwa mama yangu. Mwaka ule kijiji kizima kinakula unga wa serikali, sie tunakula wali. Watu wakija kuchungulia chungu chetu. Mwanamume gani mwingine aliweza hivyo?"

Bibi Mwanajuma akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anasikiliza kasida anayoijua. Wali wa Bwanaheri ulikuwa ndiyo fahari ya ukoo. Kila sherehe lazima mtu autaje.

Kilichompandisha Mwanamina hasira siyo hadithi yenyewe. Ni vile mzee mzima, mvi kichwani, anavyojisifu kumpiga mama yake madongo kama vile anaonyesha cheti.

"Babu, hapa mlifika wewe na baba yako tu?"

"Na mama yake Mwanajuma."

"Kumbe alishakuwepo."

"Mtoto," Bibi Mwanajuma akasema, "huyo unayemchokonoa ni baba yangu."

"Na huyo mnayemtukana ni mama yake babu. Yeye hana mtu?"

"Ungekuwa na miguu ya kutulia ungeshapata jibu," bibi akasema, na akajua mwenyewe amesema nini, lakini hakurudisha.

Mwanamina akasimama na mtoto wake. Akasema mtoto huyu ataitwa Mwamvua na hitima ya mwaka huu Mwamvua atasomwa kama wengine. Babu akacheka kwa puani. Akasema hitima ni Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, hapa uani kwake. Mpaka siku hiyo, kama Mwanamina ataleta neno la mtu hata mmoja aliyemjua huyo mwanamke, akasema tofauti na alivyosema baba, basi atasomwa. Kama hana, wasilisikie tena hilo jina, kwa mtoto wala kwa mkubwa.

"Sawa," Mwanamina akasema.

"Sawa," babu akasema, akarudia mpini wake.

*

Alianzia ofisi ya kijiji, kwa sababu aliamini serikali inaandika kila kitu. Mtendaji, kijana wa juzijuzi tu, naye macho kwenye simu, akamtolea daftari la kaya la mwaka wa kuhamia, limeliwa na mchwa pembeni kama mkate. Bwanaheri alikuwemo, mwandiko mzuri kabisa. Jina, kabila, kazi mkulima. Halafu: mke mmoja, mtoto mmoja.

"Mke gani?" Mwanamina akauliza.

"Mmoja."

"Nakuuliza jina."

"Dada, wakati ule wake walihesabiwa tu. Hapa mbele kuna mtu kaandikwa ana mbuzi sita, nao hawana majina."

Alitaka kucheka, yule mtendaji, kisha akaona uso uliokuwa mbele yake akaacha. Mwanamina alilipiga picha lile daftari, siyo kwa sababu lilikuwa na kitu, ila kwa sababu halikuwa nacho. Akatoka pale damu inachemka. Mwanamke analima, anazaa, anatukanwa na vizazi vitatu, na pa kumwandika wameweka namba moja ambayo hata siyo yeye.

Akaingia mtandaoni. Akaweka sauti kwenye magrupu yote, la wana Kibiti, la wauza korosho, la kina mama wa vikoba, mpaka la mashabiki wa mpira ambako alifukuzwa. Anamtafuta mtu aliyemjua Mwamvua binti Abdulkarimu, alibaki bondeni wakati wa kuhama, huenda alielekea delta. Majibu yakaja, matupu. Mmoja akasema anamjua Mwamvua ana miaka kumi na tisa, anasuka nywele Ruaruke. Mwingine akaomba aongezewe salio atafute vizuri. Wazee wa delta aliopigiwa simu walisema kitu kilekile, Mwamvua huyo hatumjui, na walisema kwa haraka, kama wameulizwa jambo la aibu.

Shaabani ikawa inakatika. Mtoto anaendelea kulia. Mwanamina akaanza kumchukia kila mtu, na Haruna alikuwa karibu zaidi.

"Na wewe umekaa tu," akamwambia.

"Nimekaa nakuangalia unavyokosea," Haruna akasema. "Mama yangu mzazi anaitwa nani?"

"Mama Haruna."

"Jina lake."

Mwanamina akafungua mdomo. Mwaka wa tatu huu ni mke wa mtu, amekula kwa mama huyo, ameugua mikononi mwake, jina lake halijui. Hakuna aliyewahi kulitamka. Nani amwite mama wa watu jina lake la usichana, ana wazimu?

"Unapiga simu kwa wazee wa watu," Haruna akasema, "unamtaja mtu mzima, mzazi, kwa jina kavu, kama anatafutwa na polisi. Hata kama wanamjua hawatajua kama ndiye. Kule yeye hakuwa Mwamvua. Alizaa nani?"

Mwanamina akaliona kosa lake. Nyumbani kwao jina la Mwamvua lilitupwatupwa hovyo kwa sababu walimvua umama. Na yeye, anayejifanya kumtetea, ameenda kulitupa vilevile mtandaoni.

"Kina Hemedy wapo wengi," Haruna akaendelea, safari hii polepole, kama anasikia anachosema. "Ila nikishusha abiria Nyamisati, wale wa boti za delta wanaitaga vituo. Kuna kimoja kinaitwa Kwa Mama Hemedy."

*

Boti ya mashine iliondoka na maji ya asubuhi, imejaa magunia ya unga, jiko la gesi la mtu, na abiria ambao wote waliambiwa na mtoto kwamba hana raha. Mto ukagawanyika, ukagawanyika tena, mikoko pande zote mizizi juu kama vidole vya mtu anayejishika matopeni asizame. Mwanamina alirekodi kidogo, halafu mtandao ukakata, akaiweka simu kifuani.

"Kwa Mama Hemedy, nani anashuka?" nahodha akauliza.

"Mie," Mwanamina akasema.

Palikuwa na vibanda vichache juu ya kichuguu cha mchanga, rundo la boriti zinasubiri kupakiwa, na kina mama wanachambua mchele kwenye nyungo. Shaabani kule pia. Jioni yake walikuwa na hitima yao. Mwanamke mfupi, mweusi, kanga mbili kazifunga kiunoni kikazi, akaja kumpokea. Jina lake Bi Safina, baba yake alikuwa mkata boriti hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto ana nini huyo?"

"Analilia jina." Akaona hakuna haja ya kuzunguka. "Mama, huyu Mama Hemedy alikuwa nani? Mie ni mjukuu wa Hemedy."

Bi Safina alikuwa na ungo mkononi. Akauweka chini kwa utaratibu wa kutisha.

"Hemedy amekufa," akasema.

"Yupo hai, mama. Yupo upande wa Mtunda, anachonga mipini."

"Yupo hai," Bi Safina akarudia. Akawageukia wenzake. "Jamani, Hemedy yupo hai. Anachonga mipini." Mmoja akajishika mdomo. Bi Safina akamrudia Mwanamina, na macho yake hayakuwa ya mtu anayekaribisha mgeni. "Sie hapa kila Shaabani tunamrehemu. Na mama yake. Huyo mwanamke alikuja hapa na mtumbwi wa kuomba, akapikia kambi ya baba zetu mpaka nywele zikawa nyeupe. Sie wote tumelishwa na mkono wake. Hakuolewa. Waliomtaka walikuwepo, akasema mie nina mume, ananijia. Watu wakimwita Mama Hemedy anaitika kama ameitwa na mtume. Watu hapa wakajua mtoto alikufa maji. Nyie mlikuwa wapi?"

"Sikuwa nimezaliwa."

"Babu yako je? Naye hakuwa amezaliwa?"

Mwanamina alikuja na hasira yake kutoka Mtunda mpaka pale, akidhani ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Ilibidi aiweke pembeni, maana aliyekuwa mbele yake alikuwa na ya kwake, imeiva zaidi.

"Naomba unieleze," akasema. "Na naomba nirekodi. Siyo kwa mchezo."

Bi Safina akaitazama simu kama anatazama nyoka aliyekufa. Kisha akasema, "Rekodi. Na sauti ifike."

Akaeleza akiwa amesimama. Mama Hemedy hakukataa lori. Mpunga ulikuwa umechanua shambani, na mpunga huwezi kuuacha, ndege na nguruwe watakumalizia. Mume akamwambia kaa dunguni ulinde, mie natangulia na mtoto nikashike kiwanja. Akakaa kwenye kile kibanda cha miguu mirefu juu ya maji, peke yake, bonde zima limehamwa, analala na fimbo kwa ajili ya viboko. Akavuna peke yake. Akapura, akajaza makanda aliyosuka mwenyewe, yale makanda yake ya ukindu yenye mstari mweusi pembeni. Mume akaja na mtumbwi, akapakia yote. Mtumbwi ukajaa. Akasema kesho nakuja kukuchukua wewe.

"Hakuja," Mwanamina akasema.

"Unamjua kumbe."

Alisubiri mpaka akawa anakula masazo ya ndege. Akatembea kwa miguu mpaka huko juu. Akakuta nyumba ina mwanamke mwingine, na mwanawe ana madongo mkononi.

"Hilo la madongo hapa hakuna aliyejua," Bi Safina akasema, na sasa sauti ilishuka. "Aliniambia mie siku moja tunachambua uduvi. Nikamwambia basi tuwaambie watu mtoto yupo hai, waache kumrehemu. Akasema waache tu. Dua ni dua, hata ikimkuta mtu anatembea. Nimelitunza neno lake mpaka leo, ndiyo maana nilikwambia amekufa."

Jioni wakasoma, dua ileile ya kila mwaka, hata sasa wamejua Hemedy yupo hai. Bi Safina akataja, mwalimu wao akarudia, na simu ya Mwanamina ikachukua kila neno: Mwamvua binti Abdulkarimu, na mwanawe Hemedy bin Bwanaheri, Mola awarehemu. Jina lake la usichana lilikuwa limetunzwa pale, linatolewa mara moja kwa mwaka, mbele ya Mungu tu.

Kesho yake Mwanamina akamwomba Bi Safina waende wote.

"Mie siendi," Bi Safina akasema. "Siwezi kwenda kumbembeleza mtu amkubali mama yake. Chukua hiki." Akampa kanda tupu la ukindu, limechakaa, mstari mweusi pembeni. "Mwambie alilisuka mama yake. Ndiyo maiti imejibu."

*

Kurudi, walipitia zahanati moja Kibiti kwa sababu mtoto alikuwa na joto. Nesi akamchungulia sikioni kwa kitochi.

"Huyu sikio limeoza ndani, mama. Mmemkalia nalo tu?"

Akapewa dawa, na ndani ya siku chache yule mtoto akawa mtu mwingine, analala, anacheka na pazia. Habari zikapanda Mtunda kabla yao. Siku ya hitima, Mwanamina anaingia tu uani, Bibi Mwanajuma kwenye sufuria ya pilau akampokea na yake.

"Kumbe ni sikio. Na ukatuchafulia marehemu kwa ajili ya sikio."

"Ndiyo, bibi. Ni sikio."

"Sasa hilo jina la nini tena?"

"Sasa nalitaka bila kuliliwa," Mwanamina akasema. "Babu yuko wapi?"

Babu alikuwa ameshakaa kwenye majamvi na wanaume, kanzu nyeupe, ubani unafuka. Mwanamina akamwita pembeni. Babu akaiona simu.

"Nilisema neno la mtu. Umeniletea dude."

"Neno limo humu."

"Watu wamekaa, mjukuu wangu. Usinivunjie hitima."

Akarudi jamvini. Mwanamina akabaki na kanda kwapani. Alitafakari kuondoka, kweli alitafakari. Haruna alikuwa langoni na pikipiki. Lakini ikaja sauti ya Bibi Mwanajuma kutoka mlangoni, ameshakaa kwenye kigoda chake, anaanza kutaja, na kama kila mwaka akaanza na baba yake, kwa sauti ya kunyoosha, kama anamkaribisha kitini:

"Bwanaheri bin Mwinyimkuu. Baba wa wote. Aliyetulisha wali mwaka wa njaa."

Mwanamina akabonyeza simu, sauti juu mpaka mwisho.

Ikatoka sauti ya mwanamke wa mbali, na ya mwalimu nyuma yake, na maji yanapiga boti: Mwamvua binti Abdulkarimu, na mwanawe Hemedy bin Bwanaheri, Mola awarehemu. Na kundi la watu likaitikia amin.

Ua mzima ukageuka kumtazama Hemedy bin Bwanaheri, aliyekaa na kanzu yake, hai kabisa, tasbihi mkononi. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa woga, akaacha.

"Umenisomea hitima?" babu akauliza.

"Siyo mie. Wanakusomea kila mwaka, tangu hujaoa. Mama yako hakuwaambia kama ulimpiga. Aliona bora wakuombee."

"Zima hilo," Bibi Mwanajuma akasema, kasimama. "Hemedy, mwambie azime."

Babu akanyoosha mkono. Mwanamina akadhani atavunja simu. Akaichukua, akaiweka sikioni kama anapigiwa, ingawa sauti ilikuwa juu na kila mtu anasikia. Rekodi nyingine ikafuata, Bi Safina akaeleza yote, dungu, nguruwe, mavuno, mtumbwi uliojaa, kesho nakuja kukuchukua. Ilipofika kwenye makanda, babu akanyanyua macho. Mwanamina akaliweka kanda mbele yake, juu ya jamvi.

Babu aliushika ule mstari mweusi kwa kidole gumba, akausugua. Wakubwa waliokuwepo wanasema alifanya vile kama mtoto anavyosugua upindo wa shuka akitafuta usingizi. Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka ule makanda yalipokwisha mpunga, ndiyo yalikuwa godoro lake.

"Ule wali," akasema.

Akamgeukia dada yake.

"Mwanajuma. Ule wali ulitoka wapi?"

"Mie nilikuwa sijazaliwa, Hemedy."

"Hapa palikuwa msitu tupu. Hatukuwa tumelima hata jani. Nimesifu wali ule maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza nani aliupanda." Akamrudishia Mwanamina simu bila kumtazama. Akamgeukia mwalimu. "Huyo aliyetajwa wa kwanza, mruke."

Mwalimu akasafisha koo. "Mzee Hemedy, marehemu haachwi kwa hasira."

"Yeye aliacha mtu hai. Mruke."

"Ni baba yako," Bibi Mwanajuma akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ni baba yangu. Wewe ni nani wa kumtoa?"

"Sijamtoa. Mtaje kwako, kwa sauti yako yote, sikuzuii. Hapa ua ni wangu na hitima ni yangu. Mwaka huu hasomwi. Anza na mama."

Mwalimu akatazama wanaume wengine. Wote wakawa wanatazama ubani. Akanyanyua mikono. Lakini jina la baba wa Mwamvua lilikuwa limeshamtoka kichwani, na Bibi Mwanajuma amefunga mdomo, ndipo Mwanamina, kutoka upande wa wanawake ambako hakuna anayetakiwa kusikika, akasema, "Binti Abdulkarimu. Mama Hemedy." Mwalimu akarudia hivyohivyo. Wakaitikia.

Mwanamina alitarajia hapo hasira itamtoka. Haikutoka. Alimwona Bibi Mwanajuma akienda nyuma ya nyumba na kigoda chake, akakaa ameupa mgongo ua, midomo inacheza, na alijua anamtaja nani peke yake. Akafikiri kumfuata, akabaki alipo. Na kwa kweli hakutaka sana.

Pilau likapakuliwa. Sinia la mwenye nyumba likawekwa mbele ya babu, nyama juu. Akalitazama muda mrefu, wenzake wamenyoosha mikono wanamsubiri aanze. Akalisukuma.

"Kuleni nyie," akasema. "Haruna."

"Naam, babu."

"Boti ya huko inaondoka na maji ya saa ngapi?"

"Kesho asubuhi mapema, babu. Lakini kule wengi bado wanakujua wewe ni marehemu."

"Najua."

"Ukitokea watakimbia," Mwanamina akasema.

Babu alikuwa anajaribu kulikunja lile kanda, ukindu mkavu unakatika mikononi mwake, analikunjua, anajaribu tena.

"Wakimbie," akasema. "Na yule mama aliyesema kwenye simu, kama atakuwa na madongo, muacheni arushe."